Usiung'oe Kuutazama

Watu huniletea maiti. Wanakuja nayo wameishika shingo kama kuku, mizizi inaning'inia, udongo umedondoka njia nzima, wananiambia, "Bibi, mche wako huu umekufa." Ninautazama, ninawajibu, "Sasa ndiyo umekufa. Jana ulikuwa unaumwa tu."

Hawalipendi jibu hilo. Wengine wanachukua mche mwingine, wengine wanakwenda kunisema kwa jirani. Mimi sibadiliki. Nina kitalu hapa Handeni, kando ya barabara iendayo Korogwe. Michungwa, michenza, miembe, na miparachichi michache kwa wale wenye kiburi cha kumwagilia. Nimekianzisha kwa mikono yangu. Shule niliifika, nikajua kusoma na kuandika, nikatoka. Vingine vyote nimejifunza nikiwa nimeinama.

Mti uliopandwa karibuni haufi kwa mkupuo. Huanza kufa nchani, kifo kinashuka polepole kuelekea chini, na mara nyingi kinachoka kabla hakijafika. Ukitaka kujua kimefika wapi, tumia ukucha wa kidole gumba. Kwaruza gome kidogo, kama unavyotoa ukoko kwenye sufuria, ila kwa huruma. Ukikuta kijani chenye unyevu, funga mdomo, nenda kafanye kazi nyingine. Ukikuta kahawia, shuka chini kidogo, kwaruza tena. Mti hauhesabiwi kufa mpaka kahawia imefika usawa wa udongo.

Kwenye majani ndiko wengi wanakosea. Mtu anaona majani yamepukutika, analia. Mti unaopukutisha majani bado una nguvu ya kuyaachia. Umeona maji hayatoshi, ukapunguza midomo. Wa kuogopa ni ule ambao majani yamekauka na bado yameng'ang'ania tawini, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Huo umekatwa pumzi ghafla, haukuwahi hata kuaga.

Ila usiutikise. Kila mtu anautikisa. Anaushika kiunoni, anauvuta kidogo "nione kama umeshika," na kale kamzizi kembamba kalikokuwa ndiyo kwanza kanajitafutia njia, kanakatika. Mti unakufa kwa kupimwa.

Haya nimewaambia watu miaka na miaka. Lakini uko mti mmoja, uko mbele ya nyumba yangu mwenyewe, ambao nilipofika zamu ya kuukwaruza nilirudisha mkono ndani ya kanga. Niliogopa. Ngoja niueleze.

Mke wa mwanangu ni mtoto wa Dindira, kule juu milimani kwenye chai na ukungu. Mwanangu anafanya kazi za ujenzi Dar es Salaam, anakuja anapopata nafasi, na mkewe anakaa nami. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa humu ndani, hakukaa. Sitaliongelea sana hilo. Nitasema tu kwamba mtoto yule hatukumpandia mti.

Nyumbani kwetu, kitovu cha mtoto kikidondoka hakitupwi. Mjomba wa baba yake ndiye hukichukua, akakizika alfajiri, na palepale juu yake akapanda mti. Huzika peke yake. Hatazamwi, hasemeshwi, na akimaliza hageuki nyuma. Sijui kama ni desturi ya Wazigua wote au ni ya mama yangu peke yake. Mama alikuwa Mzigua. Baba alikuwa mtu wa mbali, alikuja na manamba kufanya kazi ya mkonge. Wakati ule wa mtoto wa kwanza, mjomba mwenyewe, yaani kaka yangu, alikuwa amelala Korogwe anaumwa miguu, nikasema tutapanda akipona. Alipopona, mtoto hakuwepo.

Basi alipozaliwa wa pili, msichana, mapafu kama ya mnadi wa mnada, mkamwana wangu hakuniomba dawa wala supu. Aliniambia neno moja: "Mama, safari hii mti upandwe."

Nikampigia kaka simu. Akaja na gari la asubuhi kutoka Masuguru anakokaa siku hizi, kavaa koti lake la sherehe, fimbo mkononi, magoti yanalia kila anapopiga hatua. Mkamwana akamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Yuko wapi bosi?" Akampakata mtoto, akamtazama vidole kimoja kimoja kama anayenunua. "Huyu hatakata mkonge," akasema. "Ana vidole vya kuhesabia fedha za watu."

Jioni ile nikampeleka kitaluni. Nikamwambia achague. Akapita kati ya miche akiigusa kwa fimbo, akasimama kwenye mchungwa mmoja mzuri, majani yanang'aa, nilikuwa nimeubebesha mwenyewe. Kubebesha, kwa asiyejua, ni hivi: unaotesha mlimau mkali kwa mbegu, maana mizizi yake ni migumu na haiogopi ukame wetu. Ukishafika unene wa penseli, unaukata, unafunga juu yake kikonyo cha mchungwa mtamu. Vikishikana, chini ni mlimau, juu ni mchungwa, na palipo na kovu ndipo mpaka. Handeni hapa, mchungwa usio na mguu wa mlimau ni wa kujifariji.

"Huo," akasema kaka.

"Umechagua vizuri. Ukiuchana mfuko, kaka, udongo wake usi..."

"Dada," akanikatiza, "mimi nimepanda mkonge wewe hujaota meno ya pili. Leo utanifundisha kuchimba shimo?"

Nikanyamaza. Nisingeweza kwenda kumsimamia, desturi haikubali. Na kusema kweli, mtu huyu ndiye peke yake duniani anayeweza kuninyamazisha.

Nieleze kwa nini. Mama alikufa tukiwa Ngombezi, kwenye nyumba za kambi, mimi bado mtoto wa kubebwa. Baba akarudi kwao, akasema atatuma neno. Sisi tunalisubiri mpaka leo. Kaka yangu alikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia, akashika panga la mkonge. Anatoka gizani, anakata majani, anayafunga mafungu, anarudi mchana mikono imevimba kwa ule utomvu unaowasha, miba imemchoma hadi kwenye nyusi. Anapika uji. Ananisuka nywele, vibaya, watoto wa kambi wakinicheka anawakimbiza. Nilipokua kidogo wanawake wa jirani walimwambia, "Mpeleke korona, kule kwenye mashine ya mkonge, atapata kazi ya kuanika singa, zile nyuzi." Yeye akasema hapana. Akanishika mkono tukatembea hadi Korogwe, kwa mzee mmoja aliyekuwa na kitalu karibu na mto, akamwambia, "Mfundishe huyu. Mikono yake isiende mkonge." Alikuwa akipita kila anapopata mapumziko kunitazama, anasimama mbali, anaondoka.

Watu wakisema nimejitengeneza mwenyewe, ninakubali, sioni haya. Lakini aliyenipa mikono mizima ya kujitengenezea ni yeye.

Alfajiri ile nilimsikia akitoka. Mimi na mkamwana tulikaa ndani, mlango umefungwa, mtoto ananyonya. Tukasikia jembe. Tukasikia akikohoa. Akarudi, akanawa, akanywa chai na kipande cha muhogo, akasema, "Tayari. Umesimama kama askari." Gari la saa nne likamchukua.

Nikaenda kufagia nyuma ya jiko. Pale ukutani, mahali ambapo jua la jioni hukaa mpaka mwisho, nikaukuta mfuko wa mche, mtupu, umekunjwa vizuri. Kando yake udongo umekung'utwa ukawa fungu dogo. Na juu ya udongo, mizizi. Imekatwa kwa panga, safi, yote, kama ndevu chini ya kiti cha kinyozi.

Nikaketi kwenye gogo la kuni.

Mche wa mkonge ukitoka kitaluni hukatwa mizizi. Kisha hulazwa juani siku nyingi, unalegea, ndipo unapandwa, na ukishika ardhi hakuna cha kuung'oa. Ndivyo wanavyofanya Ngombezi, na kaka yangu alifanya hivyo maisha yake yote. Alitoa mche wa mjukuu wangu kwenye udongo wake, akaukata mizizi, akaulaza juani jioni nzima ulegee, kwa upendo wote alionao. Angekuwa mtu mwingine ningempigia simu nikamtukana hadi salio liishe. Nilizikusanya zile taka, nikazitia jikoni motoni.

Mkamwana sikumwambia. Nilisema moyoni, vuli ndiyo imeanza, mvua ikiuonea huruma, nani atajua?

Vuli ikanyesha kidogo, ikakatika. Mnaoijua Handeni mnajua inavyokatika: wingu linakuja, linasalimia, linakwenda kunyeshea wengine. Maji yakarudi kuwa ya kusaka, dumu kichwani. Mkamwana alikuwa hatoki nje bado, lakini akawa anaweka kando maji ya kumsuuzia mtoto, yale yasiyo na sabuni, ananiita, "Mama, kaupe mti." Nami ninakwenda kuumwagia, taratibu, kwenye kisahani nilichouchimbia, natandaza nyasi, nazungushia jivu mchwa wasipande.

Majani ya juu yakajikunja kwanza. Halafu yakakauka. Nikawa kila asubuhi naomba yadondoke. Hayakudondoka. Yaling'ang'ania, upepo ukipita yanalia kama karatasi.

Jirani yangu, mwanamke ambaye tunapendana na tunachokana, akaja kuazima ungo. Akausimamia ule mti mikono kiunoni.

"Shoga, huo umekwenda."

"Nani kakuuliza?"

"Mti ndiyo unasema. Mimi natafsiri." Akanyoosha mkono akakwaruza ncha. Kahawia. Akanitazama. "Sasa wewe una kitalu kizima hapa nyuma. Ng'oa huo kimyakimya, panda mwenzake wa urefu huohuo. Yule mtoto wa Dindira atajua wapi michungwa? Kwao wanajua chai."

"Na kitovu?"

"Kitovu kitakaa hapohapo. Kina miguu?"

"Sijawahi kumpa mtu mche wa uongo," nikamwambia, "sitaanza na mjukuu wangu. Chukua ungo uende."

Alikwenda, ila wengine walikuja. Habari ya mti wa kitovu unaokauka ina mabawa. Kila anayekuja kumwona mtoto anapitia kwanza mtini, anauchuna kidogo, anatikisa kichwa, ndipo anaingia kusema hongera. Shina likawa na mistari kama mwanafunzi mtukutu. Nikawaambia, "Mnaukuna hivyo, una upele?" Mwisho nikauzungushia miba ya mgunga.

Mkamwana hakuwa mjinga. Chumba chake kina dirisha. Siku moja nikiwa namkanda mgongo kwa maji ya moto, akasema bila kugeuka:

"Mama, mti umekauka."

"Juu umekauka."

"Mti una juu na chini?"

"Una."

Akajifuta maji shingoni. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayoniulizia chumvi: "Mama yangu atakuja siku ya arobaini kutuchukua tukapumzike Dindira. Mti ukiwa umekufa, mimi sitarudi na mtoto. Usinichukie. Nyumba hii nilishatoka mikono mitupu mara moja."

Ningemchukia kwa lipi? Nilimkanda tu. Lakini usiku ule, na maneno yote yale kifuani mwangu, haukuwa mfupi. Ningemwambia ni mizizi, ningemvunja kaka yangu, mzee aliyekuja na koti la sherehe. Ningesema ni ukame, ningekuwa mwongo kwenye jambo langu mwenyewe ninaloheshimiwa nalo. Na mjukuu angepanda gari kwenda milimani, nami ningebaki na miche ya watu.

Nikaanza kuukwaruza, kila asubuhi kabla hajaamka. Kahawia ilikuwa imeshuka nusu. Baadaye ikafika chini ya nusu. Halafu nikaifuata mpaka kwenye kovu, palipo mpaka wa mchungwa na mlimau, na hapo kahawia ilikuwa imefika kavu kabisa, kama ugoro. Mchungwa ulikuwa umekufa wote. Palibaki kidole kimoja cha mti, kutoka kwenye kovu mpaka udongoni. Hapo ndipo niliporudisha mkono kwenye kanga. Nilikaa siku kadhaa bila kupagusa. Nikajiambia kwamba naogopa kuuchubua. Uongo. Naogopa kujua.

Asubuhi moja nikajisema, wewe mama, watu unawafokea kila siku, leo ukucha wako umeingiwa na nini? Nikapiga goti. Nikaondoa nyasi. Nikakwaruza chini ya kovu, upande wa jua linakochomoza, kidogo sana.

Kijani. Kijani chenye maji, na harufu ya limau ikanipanda puani.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale chini, kidole puani, nanusa kama mlevi. Kisha nikafanya kilichotakiwa: nikaenda kuchukua mkasi wangu, nikaukata mti juu ya kovu, maana mzigo uliokufa ukiuacha juu, kifo hakichelewi kushuka. Sasa fikiria mkamwana anaamka, anafungua dirisha, anamwona mama mkwe amepiga magoti anaukata mti wa kitovu cha mwanawe.

Akatoka. Arobaini bado, hajatoka nje tangu azae, akatoka na mtoto mgongoni.

"Mama, unafanya nini?"

Mimi si mtu wa kuzungusha. "Mchungwa umekufa," nikamwambia. "Mti haujafa. Chutama hapa." Akachutama. "Nusa kidole changu."

Akanusa. "Limau."

"Mizizi ni ya mlimau. Yote ninayouza, chini ni milimau. Mchungwa ulipandishwa juu, na umekufa. Kikichipua kitu hapa, kitakuwa mlimau mkali wenye miba, si mchungwa. Sikufichi."

Akakitazama kile kijiti, kifupi kama kidole, kinachekesha kweli kwa mtu aliyeahidiwa mchungwa.

"Kitovu kiko wapi?" akauliza.

"Chini, kwenye mizizi."

"Kwa hiyo kitovu hakijawahi kuujua mchungwa."

Nikafikiri. "Hakijawahi."

"Basi mchungwa alikuwa abiria," akasema. Akasimama, akamrekebisha mtoto mgongoni. "Lakini mama, kijiti si mti. Mimi nataka kuona jani."

Hapo nilimheshimu. Mtu asiyekubali kufarijiwa kwa kijiti ni mtu wa kukaa naye nyumba moja.

Siku ya arobaini ikafika, jani hakuna. Mama yake alishuka kutoka Dindira na mkungu wa ndizi na maparachichi kwenye gunia, mwanamke mpole, ana msalaba shingoni, akakaa na sisi kwenye dua yetu, naye akaomba kwa namna yake, tukala wali. Kaka yangu naye alikuja, koti lilelile. Nilikuwa nimeweka pipa mbele ya mti asiuone. Pipa gani linamzuia mzee mwenye fimbo? Baada ya kula akasema anakwenda kunyoosha miguu, akanyoosha mpaka nyuma ya pipa.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama ameegemea fimbo, anakitazama kile kijiti.

"Ulikuwa na urefu huu," akasema, akagusa kifua.

"Ukame, ka..." Nikashindwa kumaliza.

"Mizizi," akasema. "Niliikata. Nilipofika nyumbani, nikiwa navua koti, nikakumbuka kwamba mchungwa si mkonge. Siku hiyohiyo. Nikasema nikupigie simu, nikaona aibu. Wewe uliona?"

"Nilikuta mizizi nyuma ya jiko."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulinisuka nywele vibaya miaka mingapi, nilisema?"

Akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka, akaingia ndani moja kwa moja, sikuwahi kumzuia, akasimama mbele ya mkamwana na mama yake, wamekaa mkekani mizigo imeshafungwa.

"Mwanangu," akasema, "mti wako haukuuawa na kitu chochote. Si jicho la mtu, si nyumba hii. Ni mimi. Niliufanya kama mkonge. Nimekata mkonge maisha yangu yote, mkono ulikwenda wenyewe. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi, nyumba ya dada yangu uiache."

Mama yake mkamwana akainamisha uso. Mkamwana akamtazama mzee. Kisha nikaona midomo inamcheza.

"Mjomba, uliulaza na juani?"

"Jioni nzima."

"Ulegee?"

"Ulegee."

Akacheka. Tangu aondoke yule wa kwanza sikuwahi kusikia kicheko chake. Nilishasahau kwamba ni cha sauti nene, kama cha mwanamume, mtoto akashtuka akalia, nasi wote tukacheka, hata mama wa watu na msalaba wake. Mkamwana alikuwa ameogopa kwa majuma mazima kwamba kuna kitu kinawala watoto wake. Kumbe ni mzee na panga lake.

Walikwenda Dindira hata hivyo. Neno lake lilikuwa neno: anataka jani. Lakini alipopanda gari alinikabidhi beseni la mtoto. "Hili naliacha," akasema. Mtu asiyerudi haachi beseni. Sikumwambia kwamba nimeelewa.

Niliendelea kukimwagilia kile kijiti, maji yangu mwenyewe ya kunawa uso. Nilifukuza kuku. Sikukikwaruza tena, nilishaujua ukweli wake, zaidi ya hapo ni kusumbua. Mvua ikarudi kidogo, ya kuombewa. Na asubuhi moja, ubavuni, chini kidogo ya kovu, nikaona chunusi. Kesho yake chunusi ina ncha. Baada ya hapo ikawa majani mawili, madogo, mekundu kidogo pembeni kama masikio ya mtoto mchanga.

Nikapiga simu Dindira. Mtandao wa milimani unakuja na kwenda na ukungu.

"Umechipua," nikasema.

"Mangapi?"

"Majani mawili."

"Una miba?"

Nikainama nikatazama vizuri. "Kamoja. Kadogo."

"Kama ana kucha, atapona," akasema, na simu ikakatika. Wiki ile hawakuja, mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kule juu. Walikuja baadaye, na maparachichi mengine.

Mjukuu wangu sasa anakimbia. Mlimau umenipita kimo, una miba ya kutosha jeshi zima, na msimu huu umezaa, malimau makubwa yenye ngozi ya chura. Kaka yangu akija, magoti yake yakiwa yameruhusu, anachuma moja kwa fimbo, analikamulia kwenye chai, anakunja uso, anasema, "Mkonge ungekuwa umeshavunwa mara ngapi." Kila mara anasema hivyo. Kila mara mjukuu anacheka, hajui mkonge ni nini. Vidole vyake bado havijaguswa na utomvu ule, na kwa hilo ninamshukuru Mungu, na ninamshukuru mzee anayekunja uso kwenye chai yangu.

Mwaka uliopita nilinoa kisu, nikaandaa vikonyo vya mchungwa mtamu kabisa. Nilitaka kuubebesha upya. Ni kazi yangu, na mlimau mkali mbele ya nyumba ya mwenye kitalu ni aibu ya kitaaluma. Mkamwana akanikuta na kamba mkononi.

"Mama," akasema, "abiria wa nini tena?"

Nikarudisha kisu.

Wateja wanauona, wanacheka, "Bibi, wewe unatuuzia michungwa ya kubebesha, kwako umeotesha mlimau pori?" Ninawaambia huo hauuzwi wala haubebeshwi. Na wale wanaoniletea habari kwamba mche wao umekauka, siku hizi siwafokei sana. Nawauliza kwanza kama wameuacha ardhini. Wakisema umo ardhini, ninachukua kanga yangu, ninakwenda nao, hata kama ni mbali, ninapiga goti, ninaanzia chini.